Makaa Kwa Majani ya Barafu

Jumatatu, 7 Julai
Matope tena hapa maabara. Naweka kwa chujio, namwaga maji polepole, majani inabaki. Ndogo kama uchafu wa kucha. Naokota na brashi laini, natia kwa chupa. Daktari Chebet anasema imetoka chini ya ziwa, kule juu kabisa ya dunia kwenye barafu. Itapelekwa ng'ambo ipimwe ilikufa lini. Onyo ni moja: kitu kipya isiiguse. Ikigusa, umri inadanganya.
Kesses baridi sana. Lanchi, mursik, maziwa lala ya kibuyu.

Jumatano, 9 Julai
Kuna weusi kwa chupa. Vidoti. Nimefunga haraka.

Alhamisi, 10 Julai
Sasa najua. Jumatatu fito ya kusugua kibuyu ilivunjika. Nikasugua na brashi ya kazi, kesho yake nikaokota majani nayo.
Kibuyu ni ya Jeptoo, marehemu mke wangu. Alinifundisha: choma kijiti cha mti wa senetwet, saga makaa, paka ndani, maziwa inatoka tamu. Wenzangu wa Bungoma walinicheka eti ni mimi nimeolewa, nafuata mila ya kwao Jeptoo. Tangu tumzike sijaacha.
Makaa mpya ya Jumatatu. Iko kwa majani ya barafu.

Ijumaa, 11 Julai
Naogopa. Hiyo chupa ni ya chini kabisa ya ziwa. Hakuna ingine. Inatumwa wiki ijayo. Nikinyamaza, daktari ataandika uongo. Nikisema, narudi kungoja kazi ya mjengo kando ya barabara. Nimemwona kwa korido, nikajifanya natoa takataka.

Jumapili
Kanisa. Sijasikia kitu.

Jumatatu, 14 Julai
Nimemwambia daktari. Akaangalia kwa ile mashine ya kukuza. Nikajua nimefutwa. Akauliza makaa ni ya mti gani. Senetwet.
"Mzee Wafula, hata mamangu anatumia hiyo."
Hakucheka. Akanipa kikoleo kidogo. "Toa moja moja. Ikibaki hata moja, hatutumi."

Jumatano, 16 Julai
Macho inawaka. Nyingi nimetoa. Ingine imekuwa unga, imeingia ndani ya majani. Haitoki. Naogopa kumwita aone.

Ijumaa, 18 Julai
Ameona. Haitumwi. Akasema nimwage.
Sikumwaga huko. Nimebeba nyumbani, nikaweka chini ya senetwet ile Jeptoo alipanda kwa mlango. Ilikaa kwa barafu miaka yote hiyo. Umri yake hakuna mtu atajua sasa.
Daktari amenunua brashi mbili. Moja ameandika KIBUYU. Ameniambia Jumatatu nifike mapema, kuna matope ya tabaka ya juu imebaki.