Kompyuta ya Somoe Niliyoipaka Rangi

Dar es Salaam

Kwako dada yangu Mama Somoe, Mkunya, Newala.

Shikamoo dada. Magoti yamepoa? Na shemeji, bado anawahi mikorosho kabla ya jua? Mimi mzima, na kazi ya kupaka magari rangi inanijua. Juzi nimepaka gari la mkubwa mmoja, likang'aa mpaka jogoo wa jirani akaja kupigana na sura yake mlangoni. Fundi mkuu akasema, "Wewe mtu wa Newala si bure." Sikumkatalia.

Lakini barua yako nimeisoma mara tatu, dada, na majigambo yamenikauka mdomoni.

Ni kweli, ni mimi. Siku hizi biashara imefunguliwa, kompyuta za mtumba zinashushwa huku kama mashati. Ile ya kukunja nilimnunulia Somoe mwenyewe, achape barua za watu pale Masasi, apate chake. Nilipomtembelea nikaikuta imezeeka, kijivu kimegeuka manjano kama meno ya mvuta tumbaku. Nikamwambia, "Mwanangu, nikupakie nyeusi ya mpingo."

Akacheka. "Mjomba, iache hivyo hivyo. Inafanya kazi."

Alipokwenda sokoni, nikafunika kioo na vitufe kwa gazeti, nikapiga msasa kifuniko na pale anapoegemeza viganja. Rangi ya gari niliyobeba haikutosha. Nikaiongezea mafuta ya maganda ya korosho, yale tunayopaka nguzo mchwa wasile. Ndiyo, dada. Hakuna mtoto wa Newala asiyejua yanavyobabua midomo. Nilijiambia yakikauka ndani ya rangi yamekwisha. Na iling'aa, wallahi! Somoe aliporudi aliitazama, kisha akasema, "Ahsante, Mjomba." Nikapanda basi kifua mbele.

Sikujua mashine ile ikifanya kazi inapata moto, rangi inalainika, mafuta yanatoka. Unaniambia viganja vimejaa malengelenge, hashiki hata mwiko, na wageni wa posa wanakuja baada ya Idi. Tena amesema, "Mjomba asije, atanipaka na mimi rangi." Nilicheka, dada. Halafu nikatoka nje nikakaa peke yangu.

Kwetu mjomba ndiye anayejibu posa. Siku hiyo naingoja tangu Somoe yuko mgongoni kwako, hata suti nimeshonesha. Lakini mtoto aliniambia iache, nikajifanya mimi ndiye ninayejua.

Nisalimie shemeji, na yule shangazi yetu muuza maandazi, na mdogo wetu Hamisi fundi baiskeli. Somoe mpe pole tu. Salamu zangu atazipokea akitaka.

Muulize mwenyewe, usimlazimishe. Akinikataa, Hamisi akae mkekani ajibu. Na wageni wakiuliza mjomba mkubwa yuko wapi, usiseme nina kazi nyingi mjini. Waambie nilimuunguza mtoto mikono.

Mdogo wako,
Athumani