Mwaitu, Zambarau Zako Nusura Ziniue kwa Aibu

Mwaitu,

Nimekasirika. Naanza hivyo kwa sababu ulinifundisha nisizunguke ninapokuwa na neno, ingawa wewe mwenyewe, mama yangu, ulizunguka na neno moja karibu maisha yako yote. Haya, hujambo huko uliko. Sisi hatujambo. Mvua imenyesha kidogo, mbaazi zimesimama, na paa la jikoni linavuja pale pale ulipokuwa ukitega sufuria. Sasa nikupe habari za zambarau.

Unazikumbuka zile safu nne za mizabibu nyuma ya nyumba ya padre, kule misheni ya Wakatoliki? Nauliza tu. Najua unazikumbuka kuliko unavyonikumbuka mimi. Padre mzee alizipanda kabla hujaolewa, apate divai ya misa bila kungoja iletwe kutoka mbali. Ukaajiriwa kuzimwagilia maji ya kisima cha mchangani kule mtoni, halafu ukajifunza kuzipogoa, mpaka ikafika mahali padre mwenyewe haruhusiwi kuzitia kisu usipokuwepo. Tatizo lako lilikuwa moja. Ulikuwa mama wa kanisa letu, na kanisa letu halikutaka hata kusikia harufu ya pombe. Kwa hiyo ulipoulizwa unawafanyia Wakatoliki kazi gani, ulijibu, "Natunza zambarau za padre."

Zambarau! Na kwa sababu msimu wa kukamua mikono yako ilirudi nyumbani imegeuka rangi ya zambarau, ukadhani umetupata sote. Siku ile ulipowaletea kuku makapi ya zabibu yaliyokaa mpaka yakachacha, wakala, wakaanza kuyumba uani, jogoo akaanguka kifudifudi, na mchungaji akatokea njiani wakati huo huo, ulimwambia nini? Kwamba wameingiwa na ugonjwa. Naye, maskini, akavua kofia akawaombea. Mimi nilikuwa nyuma ya ghala nimeziba mdomo kwa mikono miwili. Baadaye ukanishika sikio. "Ndinda, ni zambarau. Umesikia?" Nilisikia, Mwaitu. Nilisema zambarau shuleni, nikasema zambarau kisimani. Na siku tuliyokuzika, mchungaji yule yule aliposimama akasema mama huyu hakuwahi kukaribia pombe, nilitazama viatu vyangu.

Basi mwaka huu, wa tatu tangu utuache, alikuja bwana mmoja kutoka Nairobi, mpole, mwenye miwani, anayezunguka akiandika habari za mimea ya zamani iliyoletwa na wageni. Alikuwa amesikia kuhusu mizabibu ya misheni. Nilimpeleka mwenyewe. Mwaitu, alipiga magoti. Mtu mzima na suruali yake safi alipiga magoti vumbini, akalishika lile shina la kwanza lililopinda, nene kama paja langu, akasema hajaona mzabibu wa umri huo popote alipopita. Akasema utaandikwa, utazungushiwa waya, utawekewa ubao, na hakuna atakayeruhusiwa kuukata. Nililia mbele yake bila haya. Nilifikiria mitungi yote uliyobeba mgongoni kutoka mtoni, na mtu kupiga magoti hapo ulipokuwa ukiimwaga.

Kisha bwana yule akafanya kosa la watu wapole. Alimwomba karani wa chifu awaulize wenyeji mmea huo wanauitaje, amalizie kujaza karatasi. Karani, ambaye hakujisumbua hata kwenda kuutazama, akauliza sokoni mama Ndinda alikuwa akitunza mmea gani pale misheni. Na sokoni wakamwambia nini? Jijibu mwenyewe.

Karatasi ilirudi imepigwa chapa na kugongwa muhuri: mzambarau wa kale wa misheni usikatwe. Halafu likaja lori na nguzo, waya, na mafundi wawili wasiojua chochote kuhusu hapa. Wakauliza mzambarau uko wapi, wakaonyeshwa ule wa langoni mwa shule. Mwaitu, mti ule shimo lake nilichimba mimi, nikiwa darasa la tano, siku ya kupanda miti! Mimi ni mkubwa kuliko mti wa kale. Nilitoka kufundisha nikaukuta umezungushiwa waya wa miiba kama mfungwa, na watoto wa darasa langu wamesimama mbele ya ubao kwa heshima, wakiniuliza kama mti ule ulikuwepo kabla ya reli.

Ningecheka. Lakini wiki hiyo hiyo kamati ya misheni iliamua kujenga ukumbi, na mahali walipopachagua ni nyuma ya nyumba ya padre. Padre wa sasa ni kijana, divai yake huletwa kwenye katoni, na mizabibu yako anaiita "zile kamba." Nilikimbia kwa chifu. Chifu akanitazama kama mtu aliyechoka tangu asubuhi. "Mwalimu, karatasi inasema zambarau. Sasa mimi nibishane na muhuri?" Nikamwambia jina hilo la uongo lilitoka kwako, Mwaitu. Akasema mtoto hawezi kuwa shahidi wa mama yake. Nilete watu wazima waliokuwepo, waseme mbele ya baraza la Jumatatu ulikuwa ukitunza nini hasa. Nilipotoka kwake nilipitia misheni, nikakuta safu mbili zimeshang'olewa. Mizizi ilikuwa juu, mirefu kuliko mimi, na bado ilikuwa na unyevu.

Nilikaa chini hapo hapo nikakukasirikia kama sijawahi kukukasirikia ukiwa hai. Neno moja tu, Mwaitu! Ungemwambia hata mtu mmoja. Sasa hao watu wazima waliokuwepo ningewatoa wapi, kama si kina mama wa kanisa lako, wale wale uliowaficha? Mizabibu ingepona kwa kuwaambia kwamba mwenzao waliyemzika kwa nyimbo alikuwa akipogoa divai. Nikinyamaza, jina lako lingebaki safi na mizabibu ingekwenda kuwa kuni. Usidhani niliamua haraka. Usidhani pia kwamba niliamua kwa ushujaa, kwa sababu Jumapili asubuhi nilirudi kutoka njiani mara mbili.

Wakati wa matangazo nilisimama. Sauti ilinitoka ndogo sana. Nikasema mama yangu hakutunza zambarau. Nikasema ilikuwa mizabibu, na zabibu zake zilikamuliwa divai, na mikono yake ndiyo iliyokamua, na tafadhali nataka watu wa kunisindikiza kwa chifu kesho. Halafu nikashika kiti cha mbele kwa mikono miwili.

Mama Kavata, rafiki yako wa benchi moja, akageuka taratibu na ile shingo yake ngumu.

"Sasa wewe Ndinda, kwani zambarau hukatwanga matawi?"

Akanyanyua kidole, akaendelea.

"Miaka yote hiyo tunaona mama yako na kisu. Kila kiangazi anakata, anakata, anaacha vijiti tu. Zambarau gani hiyo? Tulijua sisi wote." Akawageukia wenzake. "Na wale kuku?"

Mwaitu, kanisa lote lilipasuka. Walicheka mpaka wakajifuta machozi kwa leso, na mchungaji wako, ambaye sasa ni mzee wa fimbo, alicheka kuliko wote. Akasema mwenyewe kwamba jogoo yule alikuwa akinuka kutoka barabarani. Nikamuuliza Mama Kavata kwa nini hawakuwahi kusema. Akanijibu kama anamjibu mtoto, "Tungesema angeachishwa ile kazi. Na wewe ungesomeshwa na nani?" Nikakaa. Nililia tena, safari hii vibaya, na mama mmoja akanipa mtoto wake nimshike ili ninyamaze.

Yaani ulificha kitu ambacho kila mtu alikuwa amekishika upande wa pili. Ulijichosha bure! Nimechoka kwa niaba yako. Wakati huo huo natamani ungewasikia wakicheka, kwa sababu ulikufa ukiwaogopa, na hilo ndilo linaloniuma kuliko mizizi niliyoiona juani.

Jumatatu walikuja kina mama tisa kwenye baraza. Karani akaandika upya, safari hii Mama Kavata akamburuta kwanza kwenda kuitazama mizabibu na kuigusa kwa mkono wake. Waya ukahamishwa. Ukumbi utajengwa upande wa pili wa misheni. Safu mbili zimebaki, na lile shina lililopinda limo humo. Nilitaka kwenye ubao mpya liandikwe jina lako kamili, lile la kitambulisho. Nikaandika vizuri kwenye karatasi nikampa fundi. Kina mama wakamfuata bila mimi kujua. Kumbe wao wana jina walilokuwa wakikuita ukiwa hupo, na sasa liko pale kwa rangi nyeupe, herufi kubwa: MZABIBU WA KALE. ULITUNZWA NA MAMA ZAMBARAU.

Nilipiga kelele. Halafu nikauacha ubao kama ulivyo.

Kabla hawajachoma zile safu zilizong'olewa, nilikata vijiti vyenye macho ya kuchipua nikavichomeka mchangani kule mtoni, karibu na kisima chako. Sita vimechipua. Kiangazi kikifika nitachukua kisu chako, kile chenye mpini uliofungwa mpira, nianze na lile shina la kwanza. Nitaacha macho mawili kila tawi kama ulivyokuwa ukinipigia kelele, moja la kuzaa sasa na moja la mwaka ujao. Lala salama, Mwaitu, na hasira yangu uichukulie kama ulivyoizoea. Nakuahidi jambo moja tu. Mtu akipita njiani akaniuliza ninakata nini hapo, nitainuka, nimtazame, niseme zabibu, kwa sauti ya kusikika mpaka kanisani.

Ni mimi mtoto wako uliyemshika sikio,
Ndinda