Hebblethwaite wa Molo

Mjukuu wangu Neema,

Salamu tele kutoka Riyadh. Najua unacheka, babu gani ana miaka ishirini na sita! Lakini babu yako ni kaka yangu mkubwa, yeye wa mke wa kwanza na mimi kitinda mimba wa mke wa mwisho, kwa hivyo heshima ni lazima. Mimi niko sawa, na bosi ninayemwendeshea gari hana maneno mengi.

Unasema shuleni wanakucheka, unataka kulitoa hilo jina la Hebblethwaite. Huyo alikuwa mzungu wa shamba, Molo. Waliomfanyia kazi wote waliitwa kwa jina lake, na babu yangu alikuwa mpishi wake. Basi!

Lakini skiza. Miezi miwili iliyopita nilimpeleka bosi Jeddah, nikaingia mtaa wa Karantina, ambako Wakenya hupikiana Ijumaa. Rafiki akaniita kwa hilo jina. Mama aliyekuwa anasonga ugali akaacha mwiko.

"Wewe ni Hebblethwaite wa wapi?"

"Wa Molo, mama."

"Woi! Babu yangu alikamua ng'ombe huko! Madam wangu wa kazini huniita Meri tu, hilo Hebblethwaite letu limemshinda. Hebu liseme tena."

Nikalisema polepole. Akafuta macho na leso, ugali ukaungua, wenye njaa wakapiga kelele.

Ukitaka kulitoa, litoe, sitakasirika. Lakini sasa kila Ijumaa yule mama hunipigia simu, na kabla hata ya salamu anaita, "Hebblethwaite!" Nami namwitikia, "Hebblethwaite!" Halafu tunacheka, ndipo tunasalimiana.

Babu yako,
Kevo