Akina Masika wa Barabara ya Mambasa

Kisangani, tarehe 20 Januari 2013

Tonton Isaïe, mjomba wangu,

Nakusalimu sana, wewe na Tante Emérence. Mguu wako umepoa? Sisi huku Kisangani ni wazima wa mwili, ila usingizi umetukimbia. Barua hii nampa Émile, dereva wa lori, kwa sababu nasikia mnara wa simu wa Niania bado umekufa tangu uchomwe.

Mama bado hajulikani alipo. Tangu watu wenye silaha waingie Mambasa na vijiji vyote vimwagike barabarani, nimeletewa habari zake mara tatu, na mara zote zilikuwa za mtu mwingine. Nilipeleka komunike redioni: anatafutwa Masika Maria, mama ya Kahambu. Bon, kama si msiba ungecheka. Sisi Wanande kila binti wa kwanza ni Masika, nusu yao wamebatizwa Maria, na sisi akina Kahambu tumejaa kila soko. Walijitokeza akina Masika wa kutosha kufungua parokia yao.

Sasa naomba shauri lako. Nina akiba ya nauli, nije kumtafuta mwenyewe. Lakini hapa sokoni Mahmoudi, muuza simu, ana simu moja ya kioo kikubwa, inapiga picha na video safi kabisa. Nilimuuliza kama itanifaa. Akanijibu, "Mama, siwezi kukudanganya. Hii simu inataka internet ya mbio, na internet ya mbio haiko Kisangani. Utafungua picha moja, utaenda kupika pondu, utarudi, picha haiyafika."

Pesa yangu inatosha jambo moja tu, safari au simu. Unasemaje?

Mtoto wako,
Kahambu

---

Niania, tarehe 1 Februari 2013

Mtoto wa dada yangu,

Salamu nimezipokea. Mguu haujambo, unauma nikiwa na kazi tu. Tante yako mzima, anakusalimu kwa hasira, na nitakwambia kwa nini.

Simu usinunue. Hapa kwetu hata "allo" haipiti, na huko kwenu internet inatambaa. Utabaki na kioo cha kujitazamia, na vioo vya kujitazamia vinauzwa rahisi. Safari nayo usiifunge. Barabara haijatulia, na mimi sitaki kutafuta watu wawili.

Nami nimenaswa na jina hilo hilo. Niliambiwa kuna Masika Maria, mama ya Kahambu, amelala katika shule moja mbele huko, anamuulizia mdogo wake Isaïe. Nikapanda pikipiki na mguu huu huu. Nilipofika nikamwita, akasimama bibi mmoja mwembamba na kifurushi chake kichwani, tayari kwa safari. Si dada yangu. Isaïe wake ni mwingine. Lakini mtu ukishamwita kwa jina lake na akasimama, utamwambia nini? Utamwambia kaa chini? Nimemleta nyumbani. Sasa anamfundisha tante yako kupika sombe, majani yale yale ya muhogo, na tante yako alikuwa anadhani anajua.

Kahambu, nina hofu, nasema wazi. Mama yako ndiye aliyenilea. Tungoje na tuombe.

Tonton wako,
Isaïe

---

Kisangani, tarehe 11 Februari 2013

Tonton,

Habari za nyumbani, na za sombe? Huku kwetu mvua tu. Usinikasirikie. Nimenunua.

Nilikaa na barua yako siku nzima pale kwenye meza yangu ya maharage. Hapo ndipo nilipoona kwamba wote tulikuwa tunaililia rezo, mtandao wa simu, wakati kilichotupoteza ni jina. Jina la mama yangu wanalo mia. Uso wake anao yeye peke yake, na uso huo naujua mimi. Kama picha haiwezi kupita hewani, basi na ipande lori.

Ndiyo hiyo simu mkononi mwa Émile. Nimemwomba kila mahali atakaposimama ampige video kila Masika atakayempata, ajitaje jina na kijiji, kisha simu irudi kwangu nitazame kwa macho yangu. Nimemfundisha nyuma ya ghala. Mwanzoni alikuwa anapiga video ya kidole chake tu, sasa anaweza. Muanze na huyo bibi wenu, naye ana watu wake mahali.

Najua nilichokifanya. Nikikosea, sina simu, sina safari, na mama sina. Nisaidie.

Mtoto wako mkaidi,
Kahambu

---

Niania, tarehe 3 Machi 2013

Kahambu,

Tu wazima hapa, mshukuru Mungu. Nilikuwa nimejiandaa kukukaripia kurasa mbili, lakini sina nafasi, nina kazi.

Émile alifika, tukatangaza katika uwanja wa parokia kwamba tunataka akina Masika. Ilikuwa kosa. Mabinti waliozaliwa nyuma yao, akina Kavira, walinuna, akina Katungu wakauliza kama wao walizaliwa na mbuzi, na Mwanahamisi, mwuza mikate, akasema ndugu yake wa Kiislamu amepotea vizuri tu kama Masika yeyote. Alors tumewapiga video wote. Wengine walitaka kwanza kunawa uso. Bibi wangu wa sombe aliomba kitambaa cha kichwa cha tante yako, kile cha sikukuu, na tante yako akakitoa. Mimi ndiye ninayepanga foleni. Nina filimbi.

Jenereta ya parokia imechaji simu bure. Rezo hakuna hata punje, na hakuna aliyeiulizia.

Mama yako hakuwa kati yao. Leo lori limeondoka kwenda mbele, mpaka Mambasa na zaidi. Nilibaki nimesimama barabarani mpaka vumbi likaisha.

Tonton wako,
Isaïe

---

Kisangani, tarehe 30 Machi 2013

Tonton, kaa chini na unyooshe mguu. Salamu nitazimalizia mwishoni.

Simu imerudi. Tuliitazama dukani kwa Mahmoudi, na mwanzoni nilikuwa peke yangu. Mara soko likajaa mlangoni, wenye baiskeli za toleka wakaacha abiria wao barabarani. Ulipotokea uso wa bibi wako na kile kitambaa, Fortunée ninayeuza naye maharage meza kwa meza akaangusha bakuli. "Ule ni mama yangu! Ako mzima!" Tonton, kumbe Fortunée kwao anaitwa Kahambu. Miaka yote hii sikuwahi kumuuliza. Sasa anafunga kifurushi amfuate.

Tuliendelea kutazama. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu sura zilizobaki kwa woga. Ndipo akaonekana mwanamke anamenya maharage, amempa Émile mgongo kama mtu anayesumbuliwa kazini. Ule mgongo nilibebwa nao. Akasema bila kugeuka:

"Miye ni Masika. Radio nilisikia. Ilikuwa inaita Masika Maria, mama ya Kahambu. Nikasema, maskini, Masika mwenzangu iko anatafutwa, na mutoto wake iko analia. Nikamuombea rozari."

Amejiombea mwenyewe, Tonton. Alinihurumia na hakujua ni mimi.

Sauti ya Émile ikauliza, "Na wewe, Mama, mutoto wako anaitwa nani?"

"Kahambu."

Kisha mikono ikasimama juu ya maharage. Akageuka, akaitazama simu kana kwamba mimi nimo ndani, akasema polepole, "Iko wapi?"

Nililia huku nacheka, na soko lote likanisaidia kwa yote mawili. Vigelegele vilifika mpaka mtoni. Mahmoudi alitaka kujua kama sasa ninarudisha simu, nikamwambia ajaribu kuinyang'anya. Tangu juzi watu wawili wengine wamewaona ndugu zao humo, na mlango wake haufungiki.

Émile anajua alipompiga video, anarudi kumchukua. Mpokeeni hapo Niania, mlishe. Wote hapa wanakusalimu.

Mtoto wako,
Kahambu

---

Kisangani, tarehe 19 Aprili 2013

Tonton,

Salamu kwako na kwa Tante. Mama amefika.

Alishuka kwenye lori kwa kusukuma mikono ya kila aliyetaka kumshika. Ameisha mwili, viatu ni vya kiume, lakini ulimi ni ule ule. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia na yote yakanitoka. Yeye alinitazama kuanzia miguu mpaka kichwa, akaona nimekonda, akasema kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya mto, "Huyu mutoto hajakula?"

Nina mvi, Tonton, nina wajukuu wawili. Nimegombezwa kwa ajili ya chakula mbele ya soko zima, nami nikajibu, "Bado, Mama," kisha nikamfuata nyumbani.

Mtoto wenu,
Kahambu