Papa, Bijou Ana Gharama

Papa wangu,

Umeniachia mbwa, na leo nimekuja kukulalamikia. Huko uliko huna pa kukimbilia, basi kaa unisikilize.

Siku ya kumaliza matanga, ndugu waligawana vitu vyako. Baba mdogo alichukua baiskeli, shangazi redio, mimi cherehani. Akabaki Bijou, yule mbwa wa masikio marefu ambaye injinia wa reli alikuachia alipostaafu. Hakuna aliyemtaka. Ndipo baba mdogo akasema, "Ile imbwa inakula sawa muntu. Tuiuzishe." Tayari alikuwa na mnunuzi wa Lubumbashi, angekuja na treni wiki ile ile.

Nikasema nitakaa naye mimi. Nilisema kwa hasira tu, Papa. Gharama zake sikuzijua.

Kinyozi alikuwa bado uani, anatunyoa vichwa kama desturi ya matanga. Manyoya ya Bijou yalikuwa yamejaa miiba ya majani, kwa sababu tangu uugue hakuna aliyemchana. Nikaomba anyolewe naye. Shangazi akashika mdomo. Kinyozi akamnyoa kwa heshima zote, halafu akadai bei ya mtu mzima: "Kichwa iko kichwa, dada." Tulicheka, Papa, mara ya kwanza tangu tukuzike. Hata shangazi.

Lakini chini ya manyoya masikio yalikuwa yanatoa usaha. Daktari wa mifugo akataka pesa ya dawa, na ya sindano ya kichaa cha mbwa. Nikampikia bukari tupu, ugali bila kitoweo, akanigeuzia mgongo. Ulimdekeza kweli! Sasa mama mmoja anayeuza samaki, wa kutoka Kabondo-Dianda, ananipa vichwa vya samaki, nami namshonea nguo za watoto.

Mnunuzi alikuja. Bei aliyotaja ingenitoa kwenye shida nyingi, na nilitamani kukubali, sikufichi. Bijou alikuwa amelalia viatu vyako vya kazi. Nikasema hapana. Baba mdogo hajanisemesha mpaka leo, lakini atapoa.

Asubuhi hii nimekunywa chai bila sukari, hela yake imekwenda kwenye dawa ya masikio. Nikakumbuka. Mwaka ule Bijou alipoingia nyumbani, wewe uliacha sukari, ukatuambia sisi watoto wako: "Inaniumizaka meno, bana bangu." Tukakuamini miaka yote hiyo. Muongo wewe! Nimelia juu ya kikombe, kisha nikacheka peke yangu.

Masikio yanapona. Manyoya yake yameanza kuota, na nywele zangu pia.

Pumzika, Papa. Bijou hatauzwa, nakuahidi, na kila Jumapili tukitoka kanisani nitamchana. Na watu wakiniuliza kwa nini siweki sukari, nitawaambia meno yananiuma.

Binti yako,
Mado