Bwawa Nililosema Niliogelea

Temeke, Jumapili. Mvua ya masika tangu alfajiri, sasa yamebaki manyunyu. Mke wangu Nyamizi anaanika kanga zake chumbani maana nje hapaaniki. Hatusemezani. Si kwamba amenuna, mie ndiye siwezi kumtazama.

Leo nimeaibika. Naandika hapa kwa sababu pengine pa kusemea sina.

Mambo yalianzia kwenye bwawa la kuogelea la Ulaya. Mwaka ule wa michezo mikubwa ya mataifa, baada ya vita, bwana niliyekuwa nikimpikia alikwenda kwao likizo akanichukua. Siku moja akatupeleka, mie na familia yake, kutazama mashindano ya kuogelea. Bwawa lenyewe liko ndani ya nyumba, jamani! Paa juu, na maji yake safi mpaka mistari ya chini unaihesabu. Bwana akaniambia lilijengwa kabla ya vita kwa michezo mingine, kisha wakawa wanagandisha barafu watu wateleze juu yake, na sasa wamelijaza maji upya. Mie nilikaa juu kabisa, nimepakata kapu la chakula na koti la bibi.

Maji yale sikuyagusa hata kwa kidole.

Niliporudi, watu wakaja kunipokea. Wakauliza: bwawa hilo uliliona tu? Nikasema niliingia. Ulimi uliteleza, lakini nilipoona macho yalivyowatoka, sikuurudisha. Nikaongeza kwamba nilivuka upande hadi upande, mara mbili, Wazungu wakanipigia makofi. Mie huyu, mtoto wa Unyamwezi, niliyekua nikioga kwa kata!

Sasa kuna Kondo, mwezekaji wa makuti, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Yeye Mzaramo, mie Mnyamwezi, kwa hiyo tu watani. Kila akipita: "We mbeba mizigo, leo umembeba nani?" Nami humwita mvivu wa pwani. Akimpenda kuku wangu humkamata akaenda naye bila hata ahsante, wala sidai; ndiyo haki ya mtani. Mwanzoni alinicheka sana: "Mnyamwezi na maji, wapi na wapi?" Miaka ilivyokwenda akaja kuamini. Wageni wakija huwaonyesha mie: "Mwoneni huyu, kaogelea bwawa la wafalme."

Leo asubuhi alikuwa anapita na mzigo wa makuti kando ya lile shimo kubwa walikochimba udongo wa kujengea. Limejaa maji ya mvua. Ukingo ukameguka, Kondo akatumbukia mzima mzima. Mie nilikuwa hatua kumi tu.

Akaibuka. Hakumwita mkewe wala nduguze. Aliniita mie.

"Maganga! Maganga, njoo!"

Watu wakanipisha njia. Bibi mmoja akanipokea hata kofia. Nikasimama pale pale. Nikasema, "Nangoja atulie kwanza." Mungu wangu, nilisema hivyo kweli! Mtu anakunywa maji ya tope, nami nangoja atulie.

Ndipo Nyamizi akatoka mbio na mchi wa kutwangia, kanga kaifunga kibwebwe, akaingia majini hadi kifuani huku wanawake wawili wakimshikilia kwa nyuma. Hajui kuogelea, na hajawahi kusema anajua. Akamnyooshea Kondo ule mchi, naye akaudaka, wakavutwa wote wawili.

Kondo akatapika maji, akakaa chini. Nami nikasubiri matusi. Nilijiandaa kabisa: mbwa wewe, mwongo wewe, mbeba mizigo wewe! Haki anayo, na mtani hakasirikiwi. Angenivua nguo mbele ya watu, wangecheka, nami ningecheka nao, na mambo yangeishia pale.

Akanitazama, akasema taratibu, "Pole kwa mshtuko, Bwana Maganga."

Bwana Maganga! Tangu tujuane hajaniita hivyo. Wala hakuna aliyecheka.

Heri angenipiga.

Mchana amekuja uani kumshukuru Nyamizi. Jogoo wangu mwekundu, yule anayemmezea mate tangu Idi, alikuwa anadonoa miguuni pake. Kondo akasogeza mguu, akampisha. Kisha akaniaga kwa adabu, kama anavyomuaga karani wa boma.

Nimejua hapo nimepoteza nini.

Kesho, kabla hajapanda paa la mtu, nitakwenda kwake na jogoo mkononi. Nitasema mbele ya mkewe na majirani: bwawa lile nililitazama tu, nimepakata kapu. Nimekuongopea miaka yote hii, na leo ulipoamini uongo wangu ulitaka kufa. Akimpokea jogoo na kusema ahsante, basi, sina mtani tena.

Ee Mungu, na anitukane.