Ua la Gardenia Katika Uwanja wa San Gaspar

Mtaa wa Hidalgo 14,
San Gaspar, Jalisco, Meksiko.
11 Novemba 2014

Mpendwa mwanangu Fermín,

Pokea salamu za baba yako mdogo. Hamjambo huko Tacoma, Marekani? Mgongo wa mkeo Nohemí umepoa? Baridi ya huko nasikia haina adabu, jifunikeni vizuri. Mimi nipo, ila mapafu yanajaa maji na nalala nimeketi. Daktari ameniambia tumshukuru Mungu kwa kila juma. Alisema hivyo huku akitazama dirishani, nikaelewa.

Barua hii naiandika kwa vipande. Nakaa, nainuka, nachungulia barabarani, narudi. Nina neno ambalo sitaki kuondoka nalo.

Ule uwanja wa katikati ya mji, ambao wewe ulipoondoka ulikuwa maegesho ya magari, umefunguliwa tena. Magari yamefukuzwa, kibanda cha bendi kimepakwa rangi, mabenchi ya chuma yamerudi. Don Cleto wa duka la dawa alilalamika kwamba wateja wake watakufa kwa kutembea. Sasa ametoa meza nje, na maji ya ndimu yananunuliwa haraka kuliko dawa.

Wamerudisha na matembezi ya Jumapili jioni, yale ya kutafutana wachumba. Ila vijana wa manispaa, ambao hawajawahi kuyaona, waliwapanga watu wote wazunguke upande mmoja, wanaume kwa wanawake, kama wafungwa. Mama yako akasimama mbele yao na mkoba wake. "Wanangu, mkienda hivi mtaoana na visogo. Wanawake huku, wanaume kule. Mtu akutane na uso." Watu wakacheka, wakageuka. Tangu hapo uwanja hujaa. Hata wale wa mitaa mipya ya pembeni wanakuja.

Sasa neno lenyewe. Uliniomba nimshawishi mama yako ahamie kwako kabla ya Krismasi, nami nikakuahidi. Ahadi hiyo nimeivunja. Jumapili hii nilikaa kwenye benchi karibu na kibanda, maana kuzunguka siwezi, na mama yako alipopita nikampa ua la gardenia.

Unaijua desturi yetu. Mwanamke akirudi mzunguko wa pili bila ua, umeshajibiwa. Akirudi nalo, mnatembea pamoja. Mimi, mwalimu mstaafu, mdogo wa marehemu baba yako, nilibaki pale nanyoosha shingo kama mvulana. Nilimtafuta katikati ya vichwa, nikampoteza. Nikaona nimefanya upuuzi, nikataka kwenda nyumbani.

Akatokea. Ua amelishika. Sikuweza kuinuka.

"Songa, shemeji," akasema. "Viatu hivi vinanibana." Akaketi.

Nikamwambia ukweli: kwamba siku zangu ni chache, kwamba wewe unamngoja, kwamba sina haki ya kumzuia. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Anselmo, kutwa mnanipangia safari, wewe na Fermín, kama gunia la mahindi. Kuna aliyeniuliza?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi nyamaza, tusikilize bendi."

Tangu hapo situlii. Nikiwaza kwamba nitamwachia msiba wa pili, moyo unanisuta. Nikiwaza Jumapili ijayo, naona juma linajikokota. Sijui kama nimempa kitu au nimemnyang'anya. Kama nimemnyang'anya, nimekunyang'anya na wewe, na ninakuomba radhi ningali na pumzi.

Usimkatie tiketi, mwanangu. Njoo wewe. Keti naye, umuulize anataka kuishi wapi nitakapokuwa sipo, na jibu lolote atakalokupa, likubali. Mimi sitamsemea tena, si kwa faida yako wala yangu.

Nisalimie Nohemí, wajukuu zangu Itzel na Rubén, na binamu yako Toribio kama bado mnaonana. Mungu aifunike nyumba yenu, na mkate wenu usikose wa kuula naye.

Ni mimi nikupendaye, leo na nitakapokuwa sipo,
Baba yako mdogo,
Anselmo Arreola